Pikapu ya dizeli ivuke 300 kwa saa: hapa Nairobi tungeanzia wapi?

FundiLungaLunga
Wadau, salamu. Kijana akileta Hilux au D-Max hapa karakana, ombi huwa lile lile: mzee, ongeza dizeli, itoe moshi, wale wa Subaru wabaki nyuma. Sawa, gari ni lako na pesa ni zako. Lakini kuna swali ambalo naona lina utamu zaidi. Pikapu ya dizeli ikipewa uwanja mrefu ulionyooka, usio na tuta wala mtu wa boda anayekata kushoto bila kuangalia, inaweza kufika wapi?

Jibu moja lipo tangu 2002. Gale Banks, mtaalamu wa California wa turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), alichukua pikapu ya Dodge Dakota, akaitia injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita, akaifikisha nguvu farasi 735. Akaipeleka Bonneville, ule uwanda wa chumvi wa Utah, ikaandika rekodi ya maili 217 kwa saa, karibu kilomita 350. Mkupuo mmoja iligusa 222, yaani kilomita 357. Na huko Bonneville ilikwenda kwa barabara ya kawaida ikivuta trela la vifaa vyake. Hebu fikiria hiyo.

Miaka minne baadaye, Agosti 2006, Waingereza wa JCB walipeleka pale pale gari refu jembamba, Dieselmax, lenye injini mbili za ukoo ule ule wa zile tingatinga za manjano zinazochimba mitaro hapa mjini. Jumla farasi 1,500. Andy Green akaiendesha hadi wastani wa maili 350.092 kwa saa, kilomita 563. Rekodi ya dizeli iliyokuwepo kabla yake ilikuwa maili 235 na ushee, ya mwaka 1973.

Linganisha hayo mawili. Farasi ziliongezeka mara mbili tu, mwendo ukapanda kwa zaidi ya kilomita 200. Tofauti kubwa iko kwa umbo. Kwa hivyo msimamo wangu nauweka mezani mapema: ukitaka rekodi, shilingi ya kwanza isiende kwa injini. Iende kwa bodi, matairi na difu, yaani zile gia za ekseli ya nyuma. Karibuni mnipinge.

KijanaWaGrogan
Heshima zako mzee, lakini hapo sikubaliani. Bila nguvu huo upepo utapigana nao na nini? D-Max yangu ya 3.0 nimeshaandikiwa upya kompyuta, turbo kubwa, ekzosi imefunguliwa yote. Ile kitu inavuta. Nikipewa Southern Bypass saa nane za usiku nadhani 220 naiona.

FundiLungaLunga
Kijana wangu, hiyo ya Southern Bypass iache. Barabara ile ina malori yaliyoharibika gizani bila taa, na watu wanaovuka. Hata Expressway unayoilipia kikomo ni 80. Tunaongea kuhusu uwanja uliofungwa, wenye saa rasmi na gari la wagonjwa limesimama pembeni. Mwenye hamu ya mbio za barabarani atafute uzi mwingine.

Swali lako la nguvu ni la haki. Namwita mhandisi wetu alijibu, yeye ana hesabu.

Mhandisi_Juja
Asante mzee. Kijana, tufanye pamoja, hesabu ni nyepesi. Nguvu ya kusukuma upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Pikapu ya kawaida, ukizidisha eneo la uso wake kwa kipimo cha jinsi umbo linavyokataa hewa, unapata kama mita mraba 1.2. Chukua hewa ya uwanda wa joto wa mita elfu moja na kitu, kilo 1 kwa kila mita ya ujazo. Kwa upepo peke yake:

Kilomita 160 kwa saa, farasi 70 hivi.
Kilomita 200, farasi 138.
Kilomita 300, farasi 465.
Kilomita 350, farasi 740.

Hizo ni za upepo tu. Bado hujalipa msuguano wa matairi, giaboksi na difu. Sasa rudi kwa ile Dakota ya mzee. Ilikuwa na 735 na ikakimbia karibu 350. Kwa umbo la pikapu ya dukani isingefika, maana nguvu yote ingeliwa na upepo na ya kulipia hayo mengine isibaki. Lazima ilikuwa inapasua hewa vizuri kuliko pikapu ya kubebea simiti.

Na hapa ndipo ninapomuunga mzee mkono. Ile 1.2 ukiishusha hadi 0.9, kwa 300 hutahitaji tena 465, utahitaji kama 350. Umepata farasi zaidi ya 110 bila kugusa injini. Hakuna turbo pale Kirinyaga Road itakayokupa farasi 110 bila kukuletea gharama nyingine nyuma yake.

KijanaWaGrogan
Dada, sawa, nimeinama. Lakini unaishusha vipi bila kukata bodi yote?

FundiLungaLunga
Hapo sasa tunaongea lugha moja.

Kwanza gari lishuke. Pikapu imeinuliwa ili ipite kwa matope, na chini yake kuna fujo: ekseli, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), tangi, egzosi, yote yanachakura hewa. Ukiishusha, hewa inayoingia chini inapungua. Mbele unaweka kizuizi cha bati au faiba kinachokaribia ardhi. Pili, kile kitanda cha nyuma cha mizigo. Upepo unavuka paa, unaangukia ndani na kuzungukazunguka humo, na fujo hiyo inakula nguvu. Funika kitanda chote kwa kifuniko kigumu kinachobana, tena kikianza juu karibu na dirisha la nyuma na kuteremka polepole, ikiwa sheria za daraja lako la mashindano zinakubali. Toa vioo vya pembeni. Ziba nafasi za boneti na taa kwa tepu nzito. Grili ifunge, uache tundu linalotosha tu.

Fundi wa bati wa Kariobangi Light Industries anaweza kufanya hayo yote. Hakuna kitu hapo cha kuagiza ng'ambo.

Mwanamiraa_Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa niingie. Mimi sina hesabu za dada yetu lakini nimeendesha Hilux ya miraa kutoka Maua miaka mingi, na mnajua wenyewe sisi hatukuwa tunasindikiza harusi. Pikapu tupu ndiyo hatari. Nyuma ni nyepesi, inarukaruka, ukifika mwendo usukani unakuwa mwepesi hadi unashtuka. Ikiwa na mzigo uliofungwa chini vizuri inatulia, unaielekeza inaenda. Mzigo ukipanda juu sana nayo ni shida nyingine, upepo wa pembeni unaisukuma, hasa pale unapotoka nyuma ya lori.

Nauliza: hawa wa rekodi wanabeba nini nyuma?

FundiLungaLunga
Ndugu yangu, umegusa penyewe. Wanabeba uzito kwa makusudi. Wanafunga vyuma au risasi chini kabisa kwa fremu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa mbio fupi za mita 402, yaani robo maili, uzito ni adui. Kwa chumvi, una kilomita kadhaa za kuongeza mwendo, uzito haukuchelewishi sana, na unahitaji tairi lishike. Chumvi inateleza. Magurudumu yanaweza kuwa yanazunguka kwa mwendo mkubwa kuliko ule gari linaoenda, na hapo ndipo mtu anazunguka kama hajajipanga.

Ila uzito usiuweke nyuma kupita kiasi. Ukivuta kitovu cha uzito nyuma ya pale upepo unaposukuma ubavuni, gari litataka kugeuka liende kinyumenyume.

Mhandisi_Juja
Naongeza moja la uzito: breki. Tani 2.2 kwa kilomita 300 ina nguvu ya mwendo mara tisa ya ile iliyonayo kwa 100. Ngoma za breki za nyuma zitaungua kabla hujasimama. Ndiyo maana kuna parachuti. Na parachuti ifungwe mahali ambapo mvuto wake unapita karibu na kitovu cha uzito, la sivyo inainua nyuma au mbele ya gari wakati ule ule unaoihitaji.

KijanaWaGrogan
Matairi je? Niko na 265/65 rimu 17, yale ya matope, bado mapya.

FundiLungaLunga
Hayo ya matope yaachie shamba. Soma herufi iliyo mwisho wa namba ubavuni. Matairi mengi ya pikapu hapa ni Q, R, S au T, yaani 160, 170, 180 na 190 kwa saa. H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Na herufi hiyo ni ya tairi jipya, lenye hewa sahihi, lisilo na kiraka cha Ngara.

Mhandisi_Juja
Kwa wanaopenda namba: tairi la saizi ya Kijana lina kipenyo cha kama sentimita 78. Kwa kilomita 300 linazunguka mara 34 kila sekunde. Nguvu inayovuta mpira kutoka katikati inapita mara 1,800 ya uzito wake. Gramu moja ya tope iliyokauka kwa tairi inavuta karibu kilo mbili. Sasa piga picha kibonge cha mpira wa matope cha gramu hamsini. Kinang'oka, kinapasua bodi, tairi linapoteza mizani, na mchezo umeisha. Ndiyo maana pale Bonneville wenye mwendo mkubwa hutumia matairi maalumu ya mbio za chumvi, membamba, yenye mpira mdogo sana juu.

Halafu difu. Kwa 300, magurudumu hayo yanafanya mizunguko 2,050 kwa dakika. Difu ikiwa 3.9, yaani propela izunguke mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na gia ya juu 0.8, injini inatakiwa izunguke karibu 6,400. Dizeli gani ya pikapu inafika hapo? Nyingi zinakatwa mafuta 4,400 hivi. Kijana, hata ukipewa farasi elfu moja, D-Max yako itagonga ukuta wa mizunguko kabla ya kugonga ukuta wa upepo.

KijanaWaGrogan
Hiyo sikuwahi kuiwaza. Kwa hivyo difu ya ngapi?

Mhandisi_Juja
Difu ya 3.08 na gia ya 0.7 inakupa 4,420. Hapo ndipo mnaanza mazungumzo. Na propela inazunguka 6,300 kwa mpangilio huo, kwa hivyo iwe ya vipande viwili, yenye beringi ya katikati, na ipimwe mizani. Propela ndefu ya kipande kimoja kwa mzunguko huo itajikunja.

PatoWaUmoja
Nyinyi watu mna wakati. Unga umepanda, mafuta yamepanda, mnajadili kuchoma dizeli jangwani.

Mwanamiraa_Mstaafu
Pato, mpira wa Jumapili nao unapika ugali? Tuachie starehe yetu.

FundiLungaLunga
Sasa injini, kabla Kijana hajaniona mchoyo.

Jambo ambalo mafundi wengi wa kuongeza moshi hawaliangalii ni muda. Kwa mita 402 injini inafungua koo sekunde kumi na kitu, halafu unaachia. Kwenye chumvi, njia ndefu ya Bonneville ni maili tano. Mguu umekanyaga chini kwa zaidi ya dakika moja, mzigo wote, bila kupumua. Injini iliyotengenezwa kwa sekunde kumi itayeyuka huko.

Na inayeyuka kwa maana halisi. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kupita hapo. Pistoni inanusurika kwa sababu moto huja na kuondoka, hewa safi inaingia, na oili inanyunyiziwa chini yake. Ukimwaga dizeli kupita hewa iliyopo, unapata moshi mweusi na joto lisiloondoka. Kwa hivyo kipima joto cha moshi, kilichofungwa kabla ya turbo, ni cha lazima kuliko saa ya msukumo. Wengi hawapendi kuendelea muda mrefu wakivuka nyuzi 700 na kitu hapo. Moshi mweusi unaowafurahisha vijana pale nje ni dizeli uliyoilipia ikikataa kufanya kazi.

Dawa ni hewa zaidi, iliyopozwa. Turbo mbili mfululizo, ndogo na kubwa, kila moja ikifanya sehemu yake ya kazi badala ya kuikamua moja hadi inapasuka. Kisha kipoza hewa. Gari la mkupuo mmoja halihitaji rejeta kubwa ya mbele inayokula upepo. Unaweka tangi la maji na barafu, hewa ya turbo inapita kwenye kipoza kinacholishwa na maji hayo. Barafu hata wauza samaki wanayo.

Hedi ishikwe kwa stadi imara kuliko bolti za kiwandani, la sivyo gasketi inapuliza. Konrodi na klachi pia, kwa sababu dizeli inaua vyuma kwa msokoto mapema kuliko kwa mizunguko. Na usitie dizeli ya kwenye mitungi ya kando ya barabara. Ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu na nozeli za shinikizo kubwa zinakosa ulainisho wake, na mzigo mkubwa huzimaliza haraka.

Mhandisi_Juja
Mzee, na urefu wa Nairobi kutoka baharini? Tuko zaidi ya mita 1,700. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, baharini ni 101. Saa ya turbo ikisoma bar 2 hapa, turbo inazidisha hewa mara 3.4. Mombasa, saa ikisoma hiyo hiyo, ni mara 3. Fundi wa hapa anayenakili mpangilio wa mtu wa pwani anaipeleka turbo kwenye mizunguko ambayo haikuombwa, na hewa inatoka na joto la karibu nyuzi 200.

Ila kuna neema: hewa nyepesi inapunguza upinzani kwa kiwango kile kile. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiwango hicho hicho, kwa hivyo hasara na faida zinafutana. Yenye turbo inayotosha inafaidi, kwa sababu inajirudishia hewa yake. Bonneville nayo iko juu, karibu mita 1,290.

DerevaMkongwe_Rongai
Na ikikataa kuzima? Niliona lori Mai Mahiu injini imekimbia yenyewe, dereva ametoa ufunguo na bado inapiga kelele.

FundiLungaLunga
Swali zuri sana, na wengi hulisahau. Sili ya turbo ikifa, injini inakunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Ufunguo unakata dizeli tu, oili inaendelea kuiwasha hadi ipasuke. Kwa hiyo unaweka mlango wa chuma kwenye njia ya hewa, dereva auvute kwa mkono na injini ikose pumzi. Hiyo pamoja na kizimba cha vyuma, mkanda wa pointi nyingi, nguo za moto na mtungi wa kuzimia uliofungwa ndani. Bila hayo mimi sishiki spana.

Mwanamiraa_Mstaafu
Sasa uwanja. Magadi iko karibu, chini ya saa tatu kutoka hapa kupitia Kiserian. Tunangoja nini?

FundiLungaLunga
Magadi inadanganya macho. Ile nyeupe ni magadi, tabaka juu ya maji ya chumvi na tope, na sehemu nyingine inachimbwa. Kuna mahali unatembea, hatua chache mbele unazama hadi goti. Tani mbili kwa kasi hiyo? Hapana.

Mimi macho yangu yako Chalbi, kule North Horr na Kalacha. Ardhi ni pana, tambarare, iko chini sana kuliko hapa Nairobi, na lami sasa inafika hadi Marsabit na kupita kuelekea Moyale. Baada ya mvua inageuka ziwa, kwa hivyo ni mambo ya kiangazi. Msidhani wenzetu hawasumbuliwi na hilo: wiki ya mbio pale Bonneville ilifutwa 2014, 2015 na 2022 kwa sababu ya maji na hali ya chumvi.

Kabla ya gari kugusa pale, wazee wa Gabra waulizwe, serikali ya kaunti ijue, na njia itembewe kwa miguu. Afrika Kusini, pale Hakskeen Pan, wenyeji waliokota mawe kwa mikono, zaidi ya tani 16,000, ndipo Bloodhound, gari la jeti la Waingereza, ikapita 2019 kwa kilomita 1,010 kwa saa. Kwa mwendo huo, jiwe moja dogo linatosha kuharibu kila kitu.

KijanaWaGrogan
Na rekodi inaandikwaje? Nikipita mara moja na simu ya kurekodi si inatosha?

Mhandisi_Juja
Haitoshi. Kwa sheria za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, unapita kwenda na kurudi ndani ya saa moja, unachukuliwa wastani, ili upepo wa mgongoni usikubebe. Wale wa Bonneville wana sheria zao: mikupuo miwili upande mmoja, wa pili kesho yake asubuhi, gari likiwa limewekwa chini ya ulinzi. Vyovyote vile, injini inapaswa kurudia. Hapa nchini tungepitia shirikisho la michezo ya magari, na saa iwe ya miale inayokatwa na gari, si ya simu.

FundiLungaLunga
Basi mpango wangu ni huu, anayetaka aseme. Tunaanza na pikapu moja ya kawaida, injini isiguswe kabisa. Tunaishusha, tunafunika kitanda, matairi ya V, kizimba, na tunaomba uwanja wa ndege mdogo usiotumika, kwa kibali. Tunaiachia gia huru kutoka mwendo ule ule, kabla na baada ya kazi ya bati, tunapima inapungua haraka kiasi gani. Hapo tutajua ile 1.2 ya dada imekuwa ngapi, kabla ya mtu kununua turbo.

KijanaWaGrogan
Chukueni D-Max yangu. Lakini ile turbo kubwa siitoi.

FundiLungaLunga
Ibaki. Ilete Jumamosi ikiwa imeoshwa chini, niipime urefu kutoka ardhini. Mwanamiraa, wewe unawajua madereva wa njia ya Marsabit: waulize kama kuna mwenye picha za Chalbi za mwezi wa pili, zilizopigwa karibu na ardhi. Nataka kuona nyufa zina upana gani.